Mbuzi Mwenye Jina

Mwalimu Aroni alisimama pembeni ya jeneza la mama yangu akasema anaomba nafasi kidogo ya kutoa ushuhuda. Mkono mmoja Biblia, mkono mwingine kofia, shingo imenenepa, mvi zimemkaa vizuri. Kabla hajafungua kinywa nilishajua anakwenda kusema nini, maana alikuwa anatabasamu, na mtu hatabasamu vile msibani ila ana kisa. "Marehemu Mama Edina," alisema, "Mungu alimtumia kutufundisha sisi sote uwakili. Vijana hamjui. Mama huyu alipewa mbuzi na mfadhili, akamla. Tena akampikia mfadhili mwenyewe!" Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Kwaya ilicheka. Mjumbe alicheka mpaka akaziba mdomo kwa leso. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, mwanangu Faraja amenilalia mapajani, na mama yangu yuko mbele yangu ndani ya sanduku la mbao, kichwani kitambaa nilichomfunga mwenyewe asubuhi, hawezi kumjibu mtu. Basi nitamjibia mimi. Nimeishia kidato cha nne, maneno ya kupamba sina, lakini kisa hiki nakijua kuliko huyo aliyekuwa anakihubiri, kwa sababu mbuzi alikuwa wangu.

Mwaka huo nilikuwa darasa la saba. Habari za ukoo, nani alimwoa nani na nani alimkimbia nani, siziandiki. Hazihusiki, na wahusika wenyewe hata mazishini hawakuonekana. Tulikuwa mimi na mama, nyumba ya vyumba viwili chini ya barabara inayoshuka Mbamba Bay, wakati huo haina lami, ukipita masika unafika umevaa tope mpaka magotini. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja, viti vya mbao vyenye vitambaa mama alivyofuma mwenyewe, kalenda ya kanisa iliyokwisha muda lakini ina picha nzuri, na picha yangu. Hiyo picha naichukia mpaka leo. Ilipigwa nikiwa mdogo, siku waliyokuja kutuandikisha kituoni, kituo cha kanisa cha watoto wa kufadhiliwa, na mama alikuwa ameninunulia viatu vyeusi vya kufunga kwa bizimu kwa ajili hiyo hiyo. Mwalimu Aroni, kiongozi wa kituo, alinitazama miguuni akasema, "Vua, mwanangu. Kamera haipendi viatu." Mama akacheka kwa adabu, akaviokota, akavificha nyuma ya mgongo wake mpaka picha ikaisha. Ukiitazama picha vizuri unaona kipande cha gauni la mama pembeni na mkono uliokunjwa kwenda nyuma. Hapo ndipo vilipo viatu vyangu.

Picha hiyo ndiyo ilimfikia Mama Ingrid, Mzungu aliyekuja kuwa mfadhili wangu, huko kwao, akanichagua. Sijui aliniona nini. Kuanzia hapo nikawa mtoto wa kituo: kila Jumamosi uji wa sukari kwenye kikombe kilichoandikwa jina lako kwa rangi, nyimbo, mistari ya Biblia ya kukariri, halafu barua. Barua Mwalimu Aroni aliziandika ubaoni, sisi tunanakili. Mpendwa mfadhili wangu, mimi ni mzima, mama ni mzima, tunakuombea. Krismasi moja Mama Ingrid akaninunulia mbuzi kupitia kituo, mbuzi jike wa maziwa aliyeletwa kutoka huko juu Mbinga, mweupe, na doa jeusi mgongoni kama amemwagiwa wino. Barua iliyofuata ikauliza mbuzi anaitwa nani. Tulishangaa. Mama alisema, "Anaitwa mbuzi, kwani ataitwa nani?" Jibu hilo halikwenda, naona, maana barua nyingine ilikuja na jina kabisa: Lili. Basi ubaoni ukaongezwa mstari kwa ajili yangu peke yangu: Lili ni mzima, anakusalimu. Wenzangu walinicheka mpaka nikakoma. "Edina, Lili hajambo?" "Lili amekariri mstari?" Mbuzi mwenyewe alilala jikoni kwetu, alikula maganda ya mihogo, na jina lake halijui mpaka anakufa.

Sasa sikilizeni lilikuwa ni jambo gani hasa, kwa sababu katika kisa cha Mwalimu Aroni hili halimo. Mama Ingrid aliandika kuwa nikifaulu darasa la saba atanisomesha bweni kwa masista, kule juu njia ya Kigonsera. Mama alikuwa ameiona hiyo shule mara moja alipopita kupeleka usipa, dagaa wetu wa ziwani, mnadani. Alirudi akanieleza vitanda. Hakunieleza madarasa, vitanda tu: kila msichana na kitanda chake, kila kitanda na chandarua cheupe, vimepangwa kama maharusi. Mwaka mzima huo, tukianika usipa kwenye kichanja, tukimenya mihogo, tukila, alikuwa anarudi palepale. "Wewe utalala ndani ya chandarua chako, hakuna wa kukupiga teke." Nilitaka hicho kitanda kuliko nilivyotaka mbingu, na Mungu anisamehe, mbingu nilikuwa naitaka.

Halafu ikaja habari kuwa Mama Ingrid anakuja mwenyewe kutuona. Mwalimu Aroni alikuja nyumbani kutuandaa. Nakumbuka alikaa kiti cha karibu na dirisha, mama akamwekea ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, akala wote, akanawa, akaanza. Redio, ipelekwe kwa jirani. Sahani za kioo, zifichwe. Godoro jipya, likunjwe liwekwe darini. "Si kwamba tunadanganya, Mama Edina. Mgeni asije akaona kama msaada hauhitajiki." Mama akaitikia kila kitu, ndiyo Mwalimu, sawa Mwalimu. Akauliza, "Na chakula?" Mwalimu Aroni akachokonoa meno. "Hapo sasa. Usije ukamwekea mgeni usipa. Utatutia aibu kanisa zima."

"Nimwekee nini, Mwalimu? Mbasa mwezi huu hawapatikani."

"Mtu amepanda ndege, amepanda gari, hajaja kula samaki. Chinja kitu."

"Nichinje nini, baba? Kuku wangu wote wamekwisha kwa kideri."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Lili alikuwa amefungwa palepale, anatafuna. Mwalimu Aroni akamtazama mbuzi, akamtazama mama, akasimama, akavaa kofia yake. "Wewe mwenyewe unajua ulicho nacho," akasema, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa. Nilisikia kila neno, na niliyaona macho yake yalipokwenda.

Jioni hiyo mama alibishana na jirani yetu, Mama Tabu, huku wanatwanga. Mama Tabu alikuwa mtu wa kusema bila kupaka mafuta. "Utachinja jike? Hata hajazaa? Wewe una akili?"

"Ibrahimu alipata wageni, akachinja ndama."

"Ibrahimu alikuwa na zizi, Mama Edina. Wewe una mbuzi mmoja."

"Ndiyo maana Mungu ataona."

"Ataona nini? Ataona kamba."

Wakacheka wote wawili, mchi haukusimama. Lakini mama alikuwa ameshaamua. Alimfikiria Mama Ingrid kama mkwe, kama mtu aliyekuja kumposa binti kwa heshima zote. Mtu aliyelisha mtoto wako miaka yote, anakuja kwako kwa mara ya kwanza, unampa nini? Unampa kilicho kikubwa ndani ya nyumba yako. Na kilicho kikubwa ndani ya nyumba yetu alikuwa huyo mbuzi. Na kwamba mbuzi alitoka kwake mwenyewe, kwa mama hilo ndilo lilinogesha: alichonipa sikukila peke yangu nikanyamaza, nilikitunza mpaka amekuja, tule wote. Nasikia watu wanasema mama yangu hakuelewa. Alielewa kuliko wao. Kila Jumamosi walitukaririsha habari za mjane aliyetoa senti zake za mwisho, wakatuambia ndiyo imani hiyo. Mama akatoa cha mwisho. Kumbe yule mjane ni wa kukariri tu.

Lili alichinjwa kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya mgeni. Sikulia. Nasema ukweli, mbuzi ni mbuzi. Nilishika miguu, mjomba wa Mama Tabu akakata, mama akakinga damu. Ngozi tuliiwamba nyuma ya jiko kwa vijiti, tukaipaka majivu, kwa sababu kwa mama yangu mgeni aliyechinjiwa haondoki bila kuonyeshwa ngozi. Lazima aione, ajue hakupewa nyama ya bucha wala mnyama aliyejifia.

Gari la kituo lilibaki juu barabarani, na Mama Ingrid akateremka kwa miguu, mrefu, mzee kuliko tulivyodhani, amejifunga kanga kaifunga vibaya. Kwaya ikampokea kwa wimbo. Alinikumbatia, ananukia sabuni nzuri, akalia. Mama naye akalia. Wakashikana mikono wanatazamana wanalia na kucheka, na kwa muda huo, sitaki kuwa mwongo, niliona kweli Mungu yupo chumbani. Mwalimu Aroni akatafsiri kidogo, akasema ratiba inabana, tule kwanza. Tukakaa. Mama alikuwa amepika wali wa ziwani, ule unaonukia mpaka nje, nyama ya mchuzi kwenye sufuria kuukuu maana mpya imefichwa, na maini ameyakaanga peke yake kwa vitunguu kwenye kisahani. Maini ni ya mgeni. Mama Ingrid alifumba macho akaomba, akala, akasema Kiswahili chake alichokuwa nacho: "Nzuri sana." Mama akanigeukia kama mtoto. "Umesikia? Nzuri sana!" Akamwongezea. Yule mama akala tena. Maini yaliyobaki Mwalimu Aroni aliyavuta kwake, akayamaliza kwa mkate aliokuja nao kwenye gari. Hilo pia halimo kwenye ushuhuda wake.

Baada ya kunawa, Mama Ingrid akafungua mkoba wake akatoa kengele. Kengele ndogo ya shaba, ina utepe mwekundu wa kufunga shingoni, na imechongwa maandishi. Akaitikisa, ikalia, akaniinamia akasema neno moja nililolielewa: Lili. Mwalimu Aroni akanyamaza. Nilimwona. Mtu aliyekuwa anatafsiri hata chafya, sasa amenyamaza. Mwishowe akamwambia mama, bila kumtazama, "Anaulizia mbuzi." Mama akapiga makofi kwa furaha. Alikuwa anaingojea saa hiyo. Akatoka mbio kwenda nyuma ya jiko, akarudi na ngozi, bado mbichi, imekakamaa pembeni, majivu yanadondoka, doa jeusi katikati. Akapiga magoti mbele ya mgeni, ndivyo anavyopewa mtu wa heshima, akamtandikia mapajani. "Huyu hapa," akasema. "Mwambie, Mwalimu. Mwambie sikumficha. Tumemla pamoja."

Mama Ingrid alikaa akaitazama ngozi. Akaweka kidole kwenye lile doa. Halafu akasimama kwa nguvu, ngozi ikaanguka, akatoka nje, tukamsikia anatapika kwenye mihogo. Aliporudi alikuwa analia, lakini si kile kilio cha kwanza. Alikuwa anasema maneno mengi, na Mwalimu Aroni anamjibu kwa Kiingereza, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa, anatikisa kichwa, ananyoosha mkono kuelekea kwa mama kama anayeonyesha kitu kilichoharibika. Mama alikuwa bado amepiga magoti. "Anasemaje, Mwalimu?"

"Anashukuru," Mwalimu Aroni akasema. "Amefurahi mno. Kifua kimejaa."

Mama akapiga vigelegele. Alisimama pale, mbele ya mwanamke aliyekuwa analia kwa uchungu, akapiga vigelegele mpaka kwaya huko nje ikaitikia, akaanza wimbo, akamzunguka anacheza, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Yule mwanamke alikwepesha uso kama anafutwa na jini. Wakaondoka. Mimi hakuniaga. Kengele ilibaki mezani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kituoni na kukuta kikombe changu kimefutwa jina, limeandikwa jingine, rangi haijakauka vizuri. Mwalimu Aroni aliniita pembeni akaniambia mfadhili amesitisha, nimsalimie mama. Basi. Hakuja nyumbani, hakumwita mama kumweleza. Wenzangu walijua kabla yangu. "Meee!" walilia nilipopita. "Mla Lili! Mla jina!" Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimeondolewa, na mama akakaa chini kwenye kizingiti, akafikiri sana, mwisho akasema, "Nilizidisha chumvi."

Nawaambia alilishika hilo. Wiki hata wiki. Tukianika usipa: "Edina, wewe uliuonja ule mchuzi. Haukuwa na chumvi nyingi?" Tukila: "Wazee wa Kizungu chumvi wanakatazwa. Ndiyo maana alitapika. Mimi mjinga, nilitia mara mbili kwa ule wasiwasi." Alitaka niandike barua ya kuomba radhi kwa sababu ya chumvi. Niliiandika. Mwalimu Aroni aliipokea, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati, na huko ndiko ilikofia. Mimi nilikuwa nimeuona uso wa yule mwanamke, nilijua si chumvi, lakini nilikuwa mtoto, na mama yangu alikuwa ameshapata kosa dogo analoweza kulibeba. Ningemnyang'anya nimpe lipi?

Likizo ya mwezi wa sita tulipanda juu Namswea kuchuma kahawa, kwa sababu sasa shule ilikuwa juu yetu wenyewe. Tulipewa pa kulala kwa mama mmoja wa Kimatengo, mkulima, Mama Osmunda, mtu mwema, nisimseme vibaya. Asubuhi baridi inauma vidole mpaka punje za kahawa huzisikii. Unateremka kwenye mteremko uliochimbwa mashimo ya ngolo, yale ya kilimo cha Wamatengo, kila mahali kama kitambaa cha kufuma, unachuma mpaka mgongo unakataa. Jioni wote jikoni kwa Mama Osmunda, moto katikati, moshi unatafuta pa kutokea, maharage mapya na ugali wa mahindi mweupe, vibarua tumebanana, nguo zinakauka migongoni. Hapo ndipo kisa kilipotukuta. Mama Osmunda alikuwa na mtoto aliyeandikishwa kwenye kituo kama cha kwetu, na alitoka semina ya wazazi huko Mbinga mjini. Alikuwa anasonga ugali huku anasimulia, anacheka kabla hajafika pa kuchekesha.

"Jamani, mmesikia ya mwanamke wa ziwani? Kapewa mbuzi na mfadhili, mbuzi ana jina kama Mkristo. Mfadhili anafunga safari kuja kumwona mtoto na mbuzi. Anakaribishwa chakula, anakula, anasifu. Akiuliza mbuzi wangu yuko wapi, mama anamwambia, si huyo tumboni?"

Jikoni palipasuka. Mzee mmoja alipaliwa na togwa. Kijana mmoja akaanza kulia kama mbuzi kutoka tumboni mwake, meee, wakazidi. Mimi nilitazama moto. Mama alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anachambua maharage ya kesho kwenye ungo, na yeye alikuwa anacheka pamoja nao. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyo mgeni akasemaje?"

"Aseme nini, dada yangu? Alitapika! Alilia kama kafiwa na mtoto. Mwalimu aliyetufundisha alikuwepo siku hiyo, ndiye aliyetusimulia. Anasema ikabidi amwambie mgeni ukweli, kwamba hawa watu wa ziwani ndivyo walivyo, kesho hawaijui, ukiwapa mbegu wanazikaanga. Ampe mtoto mwingine, mwenye mzazi mwenye akili."

"Kwa hiyo hakulia kwa furaha," mama akasema.

"Furaha ya wapi!"

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. Kidogo tu. Halafu ukaendelea, jiwe huku, harage kule. "Mjinga kweli huyo mwanamke," akasema, akacheka tena, na Mama Osmunda akamwekea tonge la kwanza kwa sababu amemwitikia vizuri. Alilila. Alikula chakula chake chote. Hakunitazama, wala njiani hakunitazama, wala tuliporudi nyumbani. Kuanzia siku hiyo hakutaja chumvi. Hakuitaja hata mara moja mpaka alipokufa. Ile kengele aliifunga kwenye kichanja cha usipa kufukuza kunguru, ile ngozi aliikalia akimenya mihogo, na mtu akifika nyumbani kwetu, awe padri, awe mkwe, awe mjumbe, aliwekewa ugali na usipa. Nyama hakupika tena kwa ajili ya mgeni.

Nilifaulu. Kwa masista sikwenda. Nilikwenda shule ya kata, kwenda na kurudi kwa miguu, na mama alipanda juu kila msimu wa kahawa mpaka kifua chake kikakataa baridi. Kifua hichohicho ndicho kimemuua. Nikifua nguo za mwanangu namfikiria Mama Ingrid, sijui kama yu hai. Watu wa kanisa wananiambia nimsamehe, alikuwa na moyo mzuri. Alikuwa nao. Alimpenda Lili kabisa, na mimi alinipenda kwa kuwa nilikuja na Lili. Lakini alimlilia mbuzi akamwacha mtoto amesimama mlangoni, na kabla hajaamua kuwa mama yangu ni mtu wa ovyo hakumtazama usoni hata mara moja. Angemtazama angeelewa bila tafsiri. Mwanamke anapiga magoti mbele yako na kitu pekee alichokuwa nacho, tafsiri ya nini?

Sasa nirudi msibani. Tulizika. Watu wakarudi nyumbani, wakanawa, chakula kikaanza kupita. Mjomba wa Mama Tabu, amezeeka sana sasa, alikuwa ametoa mbuzi wake kwa ajili ya waombolezaji. Mwalimu Aroni alikaa ndani, chumba kilekile, kiti kilekile cha karibu na dirisha, na alikuja na binti mmoja wa kituo, kijana, ana simu kubwa. Binti akanipa pole, akampapasa Faraja kichwani, akasema nafasi zimefunguliwa, mfadhili mpya anapatikana haraka mtoto akiwa na sura kama hii, hasa sasa bibi yake hayupo. Akamsimamisha mlangoni. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa namsikia kama yuko ndani ya maji. Halafu akasema, kwa upole, hana ubaya wowote, "Avue viatu kidogo, mama, picha itoke vizuri."

Faraja aliinama kufungua. Mtoto mtiifu.

"Usivue," nikasema.

"Ni kidogo tu, dada," Mwalimu Aroni akasema kutoka kwenye kiti chake, sahani mapajani, amechagua vizuri, nyama na ini juu yake. "Usimzuilie mtoto baraka kwa hasira za zamani. Mama yako mwenyewe, Mungu amrehemu, angeruhusu."

Nikamfuata. Nyumba ilikuwa imejaa, madirishani watu, mlangoni watu. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema, maana asubuhi sikuwa nimemwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama alikuuliza achinje nini. Ukamtazama mbuzi ukamwambia anajua alicho nacho. Nilikuwa nimeshika jagi, nimesimama hapa. Na maini uliyamaliza wewe."

"Edina, huu ni msiba."

"Najua ni msiba. Ni wangu."

Nikaichukua sahani yake. Sikuikwapua, niliichukua kwa mikono miwili kama inavyochukuliwa, na kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mtu anayekula hanyang'anywi chakula, hata mwizi, sembuse mwalimu wa kanisa mwenye mvi. Mtu mmoja nje akasema, "Yesu wangu." Nikampa Faraja ile sahani, nikamwambia kaa hapo ule, na viatu vyako. Nikaenda jikoni. Ugali wa muhogo wa jana ulikuwepo, na usipa mama aliouanika mwenyewe kabla ugonjwa haujamlaza kitandani, wa mwisho aliouanika. Niliukaanga. Nilirudi nikamwekea mapajani, nikasimama mbele yake na jagi la maji, kama mwaka ule.

"Ulimwambia mama usipa utatia aibu kanisa zima," nikamwambia. "Kula, Mwalimu."

Alitazama mlangoni. Mama Tabu alikuwa amesimama palepale, amejaa mlango mzima, amekunja mikono. Mjumbe hakucheka. Huko nje upepo wa ziwani ulikuwa unatikisa kichanja na kengele inalia, kidogo kidogo. Mwalimu Aroni akanawa. Akakata tonge. Akala, mbele ya watu wote, usipa mmoja baada ya mwingine, vichwa na mikia, mpaka sahani ikaonekana chini.

Sikumwuliza kama chumvi imezidi.